Tiketi ya Ndege Nayo Ina Sarufi Yake

Ipo lugha moja ambayo kila msafiri wa angani hukabidhiwa, huilipia fedha nyingi, huikunja pamoja na pasipoti yake, na wala haisomi. Haina kamusi dukani, wala haifundishwi shuleni. Ni lugha ya herufi zinazochapwa katika tiketi ya ndege: Y, M, Q, OK, NVA, na wakati mwingine mfuatano wa ajabu kama QLX3M. Zamani herufi hizo zilipigwa chapa katika vijitabu vyembamba vyenye kurasa za kaboni. Tangu tarehe 1 Juni 2008, IATA, yaani chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, kilipokamilisha kuziondoa tiketi za karatasi miongoni mwa wanachama wake, zimehamia katika barua za kompyuta na vioo vya simu. Makao yamebadilika, lakini herufi ni zile zile, na mwenye tiketi bado hazisomi.

Huenda mtu akauliza, mwalimu wa isimu ana lipi na nauli za ndege? Analo. Palipo na alama zenye maana zilizopangwa kwa kanuni, pana sarufi. Na palipo na sarufi ambayo upande mmoja wa mapatano unaijua na upande wa pili hauijui, hapakosi mtu wa kuumia. Katika nchi hii anayeumia aghalabu ni mwalimu au mwanafunzi, maana hao ndio wasafirio mara moja katika miaka mingi, kwa nauli ya kuchangiwa, na kwa tarehe ambazo si wao wanaozipanga: zinapangwa na chuo cha ugenini, na mfadhili, na ofisi ya ubalozi. Wale vijana 81 waliopelekwa Marekani mnamo Septemba 1959 kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake walikodiwa ndege nzima, hata hawakuhitaji kujua habari za herufi. Mwanafunzi wa leo hununua kiti kimoja, peke yake, miongoni mwa watu mia tatu ambao kila mmoja amelipa bei yake.

Miaka michache iliyopita wanafunzi wawili wa uzamili katika idara yetu walialikwa kwenye kongamano nchini Ujerumani. Walikuwa wasafiri kwa ndege moja, siku moja, katika daraja moja, na tiketi zao walizikata kwa wakala mmoja, ila kwa siku tofauti. Viza zikachelewa kwa juma zima, hata ndege yao ikaondoka bila wao. Kwa bahati nzuri kongamano lilikuwa na warsha ya kulifuatia, wakaambiwa waje hivyo hivyo. Yule wa kwanza, ambaye tiketi yake ilikuwa na herufi M, alilipa ada kidogo akabadilishiwa tarehe. Wa pili, aliyekuwa na herufi Q, aliambiwa kwamba nauli yake imekwisha kupotea na kwamba akitaka kusafiri sharti anunue tiketi nyingine. Fedha hizo za kwanza zilikuwa zimechangwa kijijini kwao katika harambee, mtu na mia yake, mtu na kuku wake. Hazikupatikana za pili, na kijana hakwenda.

Niliiomba tiketi ile nikaisoma. Yote yaliyompata yalikuwa yameandikwa pale tangu siku aliyoinunua. Hakuna aliyemdanganya, ila hakuna aliyemsomea.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kudhani kwamba herufi hiyo hutaja kiti. Ukweli ni kwamba kuna mambo mawili yanayochanganywa. La kwanza ni sehemu ya ndege atakayokaa abiria: mbele kabisa ni daraja la kwanza, ambalo kwa desturi huwakilishwa na F, halafu daraja la biashara, J au C, na nyuma, walipo wengi wetu, daraja la kawaida, Y. Baadhi ya mashirika yameongeza sehemu ya kati kati ya J na Y, na mara nyingi huiita W. Hili ndilo ninaloliita daraja, wala sioni haja ya neno jingine. Nimewahi kuona tafsiri iliyoandika “darasa la uchumi”, kana kwamba abiria watafundishwa bei ya mahindi wakiwa juu ya mawingu. Kiingereza kina neno moja kwa vitu ambavyo Kiswahili, kwa busara yake, kimevitenga: darasa ni la wanafunzi, tabaka ni la jamii, na daraja ni la cheo na mpangilio.

Jambo la pili ndilo lenye matata. Ndani ya daraja moja, viti vilivyo sawa kwa upana, kwa chakula na kwa kelele za watoto, hugawanywa katika mafungu, na kila fungu hupewa herufi yake. Nimelichagua neno fungu kwa makusudi, kwa maana kila Mkenya amewahi kusimama mbele ya meza ya mama wa Kongowea au Gikomba akatazama mafungu ya nyanya. Fungu hili shilingi hamsini, lile thelathini. Tofauti ni kwamba mama wa sokoni huyaweka mafungu yake mchana kweupe, nawe waona kwa nini la thelathini ni la thelathini: nyanya ni ndogo, au zimeanza kulegea. Shirika la ndege huuza nyanya zile zile kwa bei kumi mbalimbali. Kinachotofautiana hakionekani kwa macho, kwani ni masharti. Y kwa kawaida ni fungu la nauli kamili: waweza kubadili tarehe, waweza kurudishiwa fedha. Kisha hufuata B, M, H, K, L, Q, V, T na nyinginezo, bei ikishuka na masharti yakikaza, ingawa mpangilio wa kushuka huko hutofautiana baina ya shirika na shirika. Kwa hiyo mwenye Y na mwenye Q huweza kugusana viwiko kutoka Nairobi hadi Amsterdam bila ya mmoja kujua kwamba jirani yake amelipa maradufu.

Mpango huu una historia, na historia yake inaeleza mengi. Mwaka 1972 Ken Littlewood, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la Uingereza la BOAC, alieleza kanuni ambayo hadi leo ndiyo msingi wa hesabu hizi. Tuchukue mfano wa kubuni. Nauli kamili ni shilingi 100,000 na nauli nafuu ni 60,000. Mnunuzi wa nauli nafuu amekuja mapema, anataka kiti. Je, auziwe? Littlewood anasema auziwe maadamu uwezekano wa kupatikana baadaye mtu wa kulipa 100,000 kwa kiti hicho hauzidi asilimia 60. Ukizidi, kiti kifichwe na kumngoja tajiri. Huko Marekani, shirika la American Airlines lilianza kuuza nauli zake za punguzo kubwa, Super Saver, mwaka 1977, na mwaka uliofuata sheria ya tarehe 24 Oktoba 1978 ikaondoa mkono wa serikali katika kupanga nauli. Mashirika mapya yenye bei za chini yakazuka. American ikajibu mwezi Januari 1985 kwa kufungua fungu jingine la nauli za chini mno, lenye idadi ya viti iliyodhibitiwa na kompyuta na lenye masharti makali. Mshindani wake mashuhuri, People Express, hakufika mbali. Mwaka 1987 alikwisha kumezwa. Toka hapo hapana shirika kubwa lililothubutu kuuza ndege nzima kwa bei moja.

Lakini kwa nini masharti yawe makali kiasi hicho? Mbona shirika lisiuze kwa bei nafuu na bado likamruhusu mwanafunzi abadili tarehe? Jibu lilitolewa zamani, kabla ya ndege kuwako. Mwaka 1849 mhandisi wa Kifaransa, Jules Dupuit, alieleza kwamba kampuni za reli ziliacha mabehewa ya daraja la tatu bila ya paa, na kwamba sababu haikuwa gharama ya mbao. Makusudi yalikuwa kumtisha yule mwenye uwezo wa kulipia daraja la pili asije akashawishika kushuka. Maskini alinyeshewa mvua ili tajiri aendelee kulipa. Nasi tuliojua reli ya kikoloni, japo kwa kusimuliwa na wazee, twaelewa vizuri habari za daraja la tatu.

Fungu la Q nalo limeezuliwa paa kwa namna hiyo hiyo. Paa lake ni haki ya kubadili nia. Mfanyabiashara hajui mkutano wake utakwisha lini, kwa hiyo haki hiyo ataitaka kwa bei yoyote. Ndiyo maana nauli nafuu za kale zilimtaka msafiri alale ugenini usiku wa Jumamosi, jambo ambalo mtu wa biashara halitaki. Anayedhaniwa kwamba anaweza kupanga safari yake miezi kadhaa mbele, asibadili kitu, ni mtalii. Ole wake mwanafunzi wa Kiafrika! Mfuko wake ni wa mtalii lakini tarehe zake ni za mfanyabiashara. Mafungu haya hayakukatwa kwa kipimo chake, maana waliyoyakata hawakuwahi kungoja viza mlangoni pa mtu.

Hata hivyo siyalaani mafungu yenyewe. Bila ya Q wengi wetu tusingepanda ndege kamwe. Ninachokilaumu ni ukimya.

Turudi kwenye lugha. Wanafunzi wa isimu wanajua fundisho la Ferdinand de Saussure, lililochapishwa mwaka 1916 baada ya kufa kwake, kwamba hakuna uhusiano wa kimaumbile baina ya alama na maana yake. Ni mapatano ya watumiaji. Herufi za tiketi ni ushahidi mzuri. Y haifanani hata kidogo na daraja la kawaida. A katika mashirika mengi ni fungu la daraja la kwanza, lakini yapo mashirika ambayo kwayo A ni kiti cha nyuma kabisa tena cha bei ya chini. Na maana huhama, kama zihamavyo maana za maneno. Herufi R ilitengewa ndege za kasi kuliko sauti, yaani Concorde. Concorde ilistaafishwa mwaka 2003. Herufi ikabaki mjane, ikaolewa kwingine. Shirika lile lile la British Airways sasa hulitumia R kwa fungu mojawapo la daraja la biashara. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwa orodha moja ya herufi akadai inafaa ulimwengu mzima. Uliza maana ya herufi kwa shirika unalosafiri nalo.

Kuna alama ndefu zaidi, ambayo nitaiita msimbo wa nauli, nayo ndiyo inayonifurahisha mimi kuliko zote, kwa kuwa imejengwa kama kitenzi cha Kiswahili. Chukua QLX3M. Q, mwanzoni, kwa kawaida hutaja fungu. L inayofuata ni msimu wa wasafiri wachache. Ingekuwa H, ungekuwa msimu wa msongamano. X ni siku za katikati ya juma, na W ni mwisho wa juma. 3M ni ukomo wa kukaa huko: miezi mitatu. Kwingine utakuta OW, safari ya kwenda tu, au AP21, yaani tiketi inunuliwe siku 21 kabla ya safari. CH ni mtoto, IN mtoto mchanga, SD mwanafunzi. ID90 ni mfanyakazi wa shirika mwenye punguzo la asilimia 90, na huyo usimwonee wivu, kwani mara nyingi husafiri tu iwapo kiti kimebaki.

Tazama sasa: L ikiwa mwanzoni ni fungu, ikiwa ya pili ni msimu. W yaweza kuwa daraja, yaweza kuwa Jumamosi. Mgeni atasema huu ni mkanganyo, lakini mwanafunzi wa Kiswahili hatashangaa. Ki katika “kiti” ni kiambishi cha ngeli. Ki katika “akisoma” ni ya masharti. Ki katika “amekisoma” ni kitabu chenyewe kilichosomwa. Nafasi ndiyo inayotoa maana. Mwalimu anayetafuta mfano mpya wa kufundishia mofolojia, hasa kwa vijana waliochoshwa na “hawatakupigia”, na achukue tiketi ya zamani aipeleke darasani. Ila awatahadharishe kwamba sarufi hii haina baraza la kuisimamia. Mashirika mengi siku hizi hujitungia misimbo yao, na mengine hufunika herufi kwa majina matamu ya biashara. Maandishi ya mwisho ni kanuni za nauli zenyewe, ambazo wakala anazo kwenye kompyuta yake. Katika mpangilio unaotumiwa na ATPCO, kampuni inayosambaza nauli za mashirika mengi, kifungu cha 16 ndicho kinachozungumzia adhabu za kubadili na kufuta safari. Mwombe wakala akufungulie kifungu hicho.

Zipo pia alama fupi zenye hadaa. OK humaanisha tu kwamba kiti kimethibitishwa. Haisemi lolote juu ya viza wala masharti. RQ ni nafasi iliyoombwa, isiyothibitishwa. Nimewaona watu wakifungasha mizigo kwa RQ. NVB na NVA ni tarehe ambazo tiketi isitumike kabla yake wala baada yake. Halafu kuna YQ na YR, zinazojipanga kwa heshima katika safu ya kodi ilhali si kodi za serikali yoyote: ni malipo ya ziada ya shirika lenyewe, yaliyozoeleka kusingiziwa mafuta. Tofauti hii ina thamani ya fedha. Nauli ikipotea, kodi za serikali na za viwanja ambavyo hukuvitumia mara nyingi hurudishwa ukiziomba, bali YQ aghalabu huzama pamoja na nauli. Yule mwanafunzi wetu hakujua kwamba angeweza kuomba hizo kodi, na wakala hakumkumbusha.

Neno jingine linalostahili kuchunguzwa ni la Kiswahili safi: “imejaa”. Wakala akitazama kioo chake huona kitu kama Y9 B9 M4 K3 Q0. Tarakimu hizo ni viti vinavyoweza kuuzwa katika kila fungu, na 9 humaanisha tisa au zaidi. Q0 si ndege iliyojaa. Ni fungu lililokwisha. Fungu hilo laweza kufunguliwa tena kesho ikiwa hesabu ya Littlewood itaona walipaji wakubwa hawaji, na laweza kufungwa mchana huu huu ikiwa itaona wanakuja. Kwa hiyo ukiambiwa “imejaa”, uliza: imejaa ndege, au limekwisha fungu?

Na hapa mwalimu anayeandamana na wanafunzi watatu asikilize. Kompyuta ikiombwa viti vinne kwa pamoja, na K ina vitatu tu, kwa kawaida itawapandisha wote wanne hadi M. Wakala akiombwa atafute vitatu kwanza, kisha kimoja, watatu watalipa K na mmoja atalipa M. Hasara yake ni kwamba mtakuwa na nambari mbili tofauti za hifadhi, na ndege ikiahirishwa kompyuta haitajua kwamba mko pamoja. Basi wakala aombwe aziunganishe kwa maandishi. Wakala mwema hufanya hivyo bila ya kuulizwa. Wengine hawafanyi, na sidhani ni kwa ubaya wa moyo. Nao wamezoea kuisoma lugha hii kimoyomoyo.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 46, humpa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike nazo kikamilifu. Ibara ya 7 ya Katiba hiyo hiyo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ukizisoma ibara hizi mbili kwa pamoja, ni vigumu kuona kwa nini mama aliyeuza ng’ombe ili mwanawe aende ng’ambo akabidhiwe NVA na Q bila ya sentensi moja ya lugha anayoielewa. Siombi mashirika yabadili herufi zao. Hizo ni za kompyuta, nazo hazina kwao. Naomba karatasi moja, ya Kiswahili, kabla ya fedha kutolewa: tiketi hii yaweza kubadilishwa au haiwezi, kwa ada gani; fedha zitarudi au hazitarudi; na usipopanda safari ya kwanza, za kuendelea zitafutwa. Hilo la mwisho limewaponza wengi. Mtu ana tiketi ya Mombasa hadi London kupitia Nairobi, anaamua kuja Nairobi kwa gari moshi apate kumwaga shangazi yake njiani, na akifika kaunta ya uwanja wa ndege anaambiwa safari yake yote imefutwa kwa kuwa hakupanda kule pwani.

Ili karatasi hiyo iandikike, istilahi zinahitajika. Nimetumia humu daraja kwa sehemu ya ndege, fungu kwa herufi ya nauli, na msimbo wa nauli kwa ule mfuatano mrefu. Kwa kiti cha RQ napendekeza nafasi ya kuombwa, na kwa tiketi ya Q isiyobadilika wala kurudi, mwenzangu mmoja idarani amependekeza tiketi kavu. Mimi bado nasitasita juu ya hilo la mwisho. Msomaji aliye na neno bora na alilete.